Nyumba ya Kumhamishia Mama

Mwaka ambao surua iliingia kijijini kwetu, upande wa Zagayu, mimi nilikuwa nimekwisha kuanza kazi Bariadi. Nilikuwa mhudumu wa wodi: nilifua mashuka, nilipima joto, niliwashika watoto wakati wa sindano. Nilipanga chumba uani kwa mzee mmoja mwenye duka, na kila mwisho wa mwezi nilipanda baiskeli yangu kwenda kuwaona wazazi. Nilikuwa mtoto wao pekee aliyebaki. Wenzangu wote waliwazika wakiwa wadogo.

Safari moja nilikutana na mama njiani akitoka kisimani, ndoo kichwani. Nilimpokea nimsaidie, nikaona ndoo ni nyepesi. Haikuwa na kitu.

"Maji yamekauka?"

"Yapo."

"Sasa mbona hukuchota?"

Alijifunga kanga upya kabla ya kunijibu. "Nilipofika wanawake waliokuwapo waliinua ndoo zao wakaondoka. Mmoja alikuwa amekwisha kujaza. Aliponiona nimeinama akayamwaga yake chini. Nikaona niwaachie kisima chao."

Aliyasema hayo bila kupandisha sauti, kama mtu anayeeleza kwamba mvua imechelewa. Nilijua maana yake. Kila mtu aliyezaliwa kwetu anajua maana yake.

Mtoto wa jirani yetu alikuwa amekufa kwa surua wiki chache kabla. Alikuwa msichana mdogo ambaye ndiyo kwanza alikuwa akijifunza kusema, na alizoea kupita kwenye uzio kuja kula uji kwa mama. Siku mbili kabla hajaanza kuumwa alikuwa amekula uji huo. Na mama alikuwa na macho mekundu. Wanawake wengi wa umri wake walikuwa na macho ya namna hiyo, maana miti ilikuwa imekwisha na tulipikia samadi kavu na mabua ya pamba, na moshi wake unauma kuliko pilipili. Lakini kwa watu wetu macho mekundu ya mwanamke mzee hayakuwa ya moshi. Yalikuwa ushahidi wa uchawi.

Zamani tusingefika huko. Kabla ya vijiji vya ujamaa tulikaa kwenye mji wetu wenyewe, katikati ya mashamba, na jirani ulimjua kwa moshi wake tu kwa mbali. Kisha lori lilikuja na vijana wa mgambo. Waliezua paa la nyumba yetu baba akiwa anatazama, wakapakia vyungu, kuku na mama, wakatushusha mahali palipopimwa kwa kamba, nyumba kwa nyumba, mstari mmoja ulionyooka. Tukawekwa ubavuni mwa watu tusiowajua, waliotoka huku na huku, nao hawakutujua. Ukikohoa jirani anasikia. Mtoto wake akiumwa, wewe ndiye wa kwanza kutazamwa.

Jioni ile baba alinipeleka nyuma ya nyumba. Uzio wetu wa minyaa ulikuwa umekatwa kwa panga, nafasi ya kupita mtu mzima, na utomvu mweupe ulikuwa bado unachuruzika kwenye mashina. Nafasi ile ilikuwa imeelekea moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma, mlango wa chumba alicholala mama.

"Hii ni mara ya pili," baba alisema. "Ya kwanza niliziba kwa miiba."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Labda nitakayemwambia ndiye aliyekata."

Nilirudi Bariadi nikiwa sina akili. Wodini nilimshika mtoto kwa nguvu mpaka mama yake akaniambia nimwachie. Kila mgonjwa aliyeletwa kutoka upande wa nyumbani nilimtazama usoni kwanza, nione kama ameniletea habari. Mzee mwenye nyumba aliona hali yangu. Alikuwa mtu mpole, Mwislamu, babu yake alitoka Ujiji na mwenyewe alikuwa ameoa Tabora. Duka lake siku hizo lilikuwa rafu tupu. Likibahatika lilikuwa na chumvi, viberiti na utambi wa taa. Aliniita barazani akaniambia jambo ambalo yeye alidhani litanisikitisha.

"Binti yangu, mimi na mke wangu tumechoka hapa. Tunataka kurudi Tabora kwa watoto. Nyumba nitaiuza. Nimeona nikuambie mapema utafute chumba kwingine."

Nilisikia sauti yangu ikisema, "Niuzie mimi."

Alicheka kidogo. "Wewe? Kwa mshahara upi?"

"Wazazi wangu wana ng'ombe."

Aliacha kucheka. Nikamweleza habari yote: kisima, uzio, mtoto aliyekufa. Mkewe alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele, naye akasimamisha mikono. Mzee alifikiri, kisha akasema shemeji yake ana bucha pale sokoni, na ng'ombe kwake ni sawa na fedha. Tukapatana kwa ng'ombe wote wa baba, isipokuwa jike mmoja wa maziwa, na juu yake akiba yangu na bei ya baiskeli yangu. Ilikuwa nyumba ya matofali mabichi, paa la bati, vyumba vitatu na duka kwa mbele, sakafu ya saruji iliyopasuka, uani mwarobaini mmoja na choo cha shimo. Kwangu haikuwa nyumba tena. Nilikuwa nautazama mlango wake wa mbao nene, na komeo lake la chuma.

Nilidhani kazi ngumu ni kupata nyumba. Kumbe kazi ilikuwa kuwapata wenye kuingia.

Baba alikataa papo hapo. "Nyumba ya kununua? Umejua nani kafia mle? Umejua imeota ndoto gani? Mtu hujenga. Mimi nimejenga nyumba mbili kwa mikono yangu. Moja waliibomoa, hii nyingine nimelazimishwa. Nimehamishwa kwa lori mara moja. Sijihamishi mwenyewe mara ya pili."

Mama naye alikataa, lakini kwa sababu nyingine, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha zaidi kwa sababu ilikuwa kweli.

"Nikiondoka nitakuwa nimekubali," alisema. "Watasema mnaona, amekimbia. Na mtu akikimbia hufuatwa. Bariadi ni mbali kiasi gani kwa mwenye panga?"

"Mama, ukikaa watakuua."

"Ng'wana wane, mwanangu, hakuna aliyenitamkia neno hilo. Usianze wewe."

Nililia mbele yao, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu utoto. Halikusaidia. Nikaondoka kwa miguu, maana baiskeli nilikuwa nimeiuza tayari.

Aliyembadilisha mama hakuwa mimi. Nilipokwenda tena, jua likiwa juu, nilimkuta baba amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango wa nyuma, mkuki umelala mapajani. Macho yake yalikuwa yameingia ndani. Uzio ulikuwa umekatwa mara ya tatu. Safari hii hakuwa ameziba. Alisema wanaokata wana nguvu kuliko anayeziba. Mama alinivuta jikoni akaninong'oneza.

"Baba yako halali tena. Wakija wataanza na yeye, kwa sababu hatoki pale mlangoni. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa ajili yangu. Kwa ajili yake sijajiandaa. Ile nyumba bado ipo?"

"Ipo."

"Basi mwambie nimekubali. Mwambie nimekuomba. Akisikia ni mimi nimeomba, atakubali."

Na kweli alikubali. Alinyanyuka akaegemeza mkuki ukutani, akasema, "Kama ni yeye anayetaka." Sijui kama naye hakuwa akingojea mtu amwambie hivyo.

Siku zile huwezi kuhamisha ng'ombe wala kuhama mwenyewe bila ruhusa ya kijiji, kwa hiyo mimi na baba tukaenda kwa mwenyekiti. Nilikuwa nimemwogopa mtu huyo tangu siku ya lori. Alitusikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaamka akafunga mlango wa ofisi. Nilidhani naye yumo.

"Mchukue mama yako," aliniambia taratibu. "Kibali cha ng'ombe nitaandika, cha kuhama nitaandika. Nitasema anakwenda kutibiwa macho kwa binti yake mfanyakazi. Lakini sikilizeni. Msiondoke alfajiri. Anayeondoka gizani hufuatwa. Ondokeni jua likiwa kali, watu wote wakiwa nje, muwasalimu mkipita."

Baba alimuuliza, "Unawajua?"

"Mimi nina mama mzee kama huyo wenu," alisema, na hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Baba aliwaswaga ng'ombe mpaka Bariadi, akawakabidhi kwa yule mwenye bucha, akarudi. Walibaki maksai wawili wa kuvuta mkokoteni, ambao tungewakabidhi tukifika, na yule jike. Hatukuwa na kitu chochote mkononi cha kuonyesha kwamba tumenunua nyumba. Tulikuwa na neno la mzee tu. Mifugo ya maisha yote ya baba ilikuwa imekwisha kuingia kwenye zizi la mtu mwingine, na kule kijijini zizi letu tupu lilikuwa linamwambia kila mpita njia kwamba tunaondoka.

Siku yenyewe niliomba ruhusa kazini. Tulipakia vitu saa ambayo hata mbwa wanatafuta kivuli. Vyungu, kinu, magunia ya michembe ya viazi na mtama, kitanda cha kamba. Kila nilipotoka nje na mzigo niliona watu wameongezeka. Walisimama mbele ya nyumba zao, mstari mzima ule ulionyooka, hawasemi. Wanaume wengine walikuwa wameshika majembe, na sikuweza kujua kama wametoka shamba au la. Mikono yangu ilikuwa imelowa jasho hata kamba za kufungia mizigo zikawa zinaniteleza.

Ndipo yule jirani, mama wa mtoto aliyekufa, akatoka kwake. Alikuja moja kwa moja kuelekea kwetu, amenyoa nywele kwa msiba, na mikono yake yote miwili ilikuwa nyuma. Watu wakageuka kumtazama. Niliitazama mikono ile nisiyoiona. Baba naye aliitazama. Alisogea akasimama mbele ya mama, na mama akamsukuma pembeni kwa kiwiko.

Yule mwanamke alisimama umbali wa mtu kutupa kijiti. Alitoa mikono mbele. Alikuwa ameshika ungo, ungo wa mama, aliouazima wakati wa mavuno. Alikuwa ameuosha. Hakutuletea mkononi. Aliuweka chini, katikati ya uwanja, akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Mwadila, mayu," mama alimsalimia.

Midomo ya yule mwanamke ilitikisika. Nilimwona anataka kuitikia, na nikaona pia anavyowatazama waliosimama kwenye mstari. Hakuitikia. Lakini hakuondoka mpaka mama alipokwenda kuinama na kuuokota ungo, akaupangusa vumbi, akaupandisha kwenye mkokoteni. Mpaka leo sijui alituletea ule ungo kwa sababu gani. Pengine hakutaka kitu cha mama kibaki nyumbani kwake. Pengine ilikuwa njia pekee aliyoipata ya kuja kutuaga.

Tulipita katikati ya kijiji polepole, mwendo wa maksai. Mama alitembea, alikataa kupanda. Alisalimia kila nyumba, kulia na kushoto. Wachache waliitikia. Mimi nilikuwa nyuma nikimswaga yule jike, na mgongo wangu wote ulikuwa unangoja jiwe. Halikuja. Hata tulipofika barabara kubwa niliendelea kugeuka, na kila baiskeli iliyotupita niliifuata kwa macho mpaka mwenyewe alipotoweka mbele.

Tulifika Bariadi tumechoka, vumbi mpaka kwenye kope, tukakuta nyumba imefungwa kwa kufuli kubwa. Dirisha la duka limefungwa. Geti la uani limefungwa. Niligonga, nikaita hodi mpaka sauti ikakauka. Jirani mmoja alisema aliwaona mzee na mkewe wametoka asubuhi na mzigo.

"Mzigo gani?" nilimuuliza.

"Furushi tu."

Baba alishuka, akazunguka nyumba yote akipapasa kuta. Aliporudi aliniuliza kwa sauti ndogo, "Ng'ombe wetu wako wapi?"

Mama alikaa kwenye kizingiti cha duka, mgongo kwenye mlango. Niliwatazama wazee wangu wawili wamekaa barabarani na vyungu vyao, hawana pa kurudi, na mimi ndiye niliyewaleta. Nimewahi kuogopa mara nyingi baada ya hapo, lakini hofu ya siku ile ilikuwa na uzito wake. Nilikaa chini karibu na gurudumu.

Jua lilikuwa limeshapinda sana tulipoona kanzu nyeupe inakuja. Mzee na mkewe walikuwa wamekwenda kuzika kijiji cha jirani. Furushi lilikuwa unga na sanda ya msaada. Alituona tulivyo, akasimama.

"Mlidhani nimekimbia?"

"Hapana, mzee," nilisema.

"Ndiyo," baba alisema. "Tulidhani."

Mzee hakukasirika. Alifungua kufuli, akampa baba ule ufunguo hapo hapo kabla hata hatujaingia, akasema, "Basi kaa nao wewe." Mkewe alikwenda moja kwa moja kuinjika chai ya kila mtu.

Kesho yake tulimwita balozi wa nyumba kumi awe shahidi. Alikuwa mtu wa maswali. Alitaka kujua kwanza kama mimi, mfanyakazi wa serikali, nanunua nyumba ili nipangishe watu, maana ubepari wa namna hiyo haukutakiwa. Nikamwambia nyumba si yangu, ni ya wazazi.

"Ndugu, lazima muelewe," alimwambia baba. "Ardhi ni ya taifa. Mnachonunua ni kuta na bati."

"Kwa hiyo hata hapa tunaweza kuhamishwa."

"Mjini hawajaleta lori."

"Na kijijini walikuwa hawajaleta," baba alisema, "mpaka walipoleta."

Balozi alikohoa akaendelea kuandika. Alipomaliza jina la baba aligeuza karatasi ili aweke kidole gumba kwenye wino. Baba hakuinua mkono. Alisema, "Andika na yeye," akimwonyesha mama.

"Mkeo? Hakuna haja, ndugu. Wewe ndiye mwenye mji."

"Mwandike. Mimi nikifa, asije mtu akamwambia toka. Ameambiwa toka mara za kutosha."

Mama aliinama chini aliposikia hivyo. Katika maisha yao yote sikuwahi kumsikia baba akimwambia neno la kumbembeleza, wala siku ile hakumbembeleza, alimwambia balozi. Mama aliweka kidole chake kando ya cha baba, akakitazama, kisha akakipangusa kwenye kanga ile ile aliyosafiria.

Mzee na mkewe waliondoka kwenda Tabora baada ya majuma machache. Tukabaki watatu. Nilitegemea hofu ingeondoka nao, lakini haikwenda popote. Baba alihamishia kigoda chake kwenye mlango wa mbele, na kila mtu wa kutoka upande wa nyumbani aliyekuja gulioni alihojiwa barabarani kabla hajafika barazani: amekuja na nani, analala wapi, anarudi lini.

Msimu wa kupanda ulipofika, mmoja wao alituletea habari. Mwanamke mzee aliyekaa mwisho wa ule mstari wa nyumba alikuwa ameuawa. Mtoto mwingine alikuwa amekufa, na bibi huyo macho yake yalikuwa mekundu. Mama alikuwa anapepeta mtama. Alisimamisha mikono.

"Yule ndiye aliyenipa mbegu ya karanga," alisema. Kisha akaongeza, "Walikuwa wanatafuta mtu. Mimi sikuwepo."

Nilitaka kumwambia kosa si lake, lakini niliogopa kwamba nikifungua mdomo nitasema kilichokuwa moyoni mwangu kweli: kwamba nilifurahi. Nilifurahi ni yule na si yeye. Mama hakula siku ile, wala siku iliyofuata.

Waliishi kwenye nyumba ile miaka mingi. Baba alizoea, alijenga zizi dogo uani kwa ajili ya yule jike na ndama zake, akaziba nyufa za sakafu mwenyewe, na mwishowe alianza kusema "kwangu" bila kusitasita. Macho ya mama yalipungua wekundu tulipoanza kupikia mkaa. Majirani wa mjini walimpenda, walimwita bibi, walimletea mboga. Hakuna aliyejua habari zetu, au kama walijua hawakuzisema.

Lakini mama hakumshika tena mtoto wa mtu. Mwanamke akija na mtoto mgongoni, mama aliingia ndani kutafuta kitu ambacho hakikuwepo, akakaa huko mpaka mgeni aondoke. Mtoto wa jirani mmoja alipopata homa, mama hakutoka nje mpaka aliposikia sauti ya mtoto yule akicheza. Hakuna aliyepewa uji nyumbani kwetu, na nilijua mama asingempa mtoto yeyote.

Nilipojifungua mimi, nilikwenda kukaa kwake nipumzike. Siku za kwanza alimtazama mwanangu kwa mbali, mikono ameikunja kifuani. Nilimwambia, "Mama, mshike." Alikataa. Nikamwambia tena kesho yake. Alitazama barabarani, upande huu na upande ule, akarudisha mlango ule wa mbao nene, akasukuma komeo. Akajaribu kama limeshika. Kisha akakaa kitandani kwake, akanyoosha mikono.

"Haya," alisema. "Nipe."